Maji ya wahenga: Fort Jesus, Jumba la Mtwana au Gede, uanzie wapi?

Wageni wengi wanaoshuka Mombasa na hamu ya magofu hupelekwa moja kwa moja kwenye mizinga, milango ya nakshi na sahani za Kichina. Ni vitu vizuri, ila havijibu swali ambalo mkazi wa mji huu, aliyezoea kununua maji ya mkokoteni kwa mtungi wa lita 20, angeliuliza kwanza: hawa watu walikuwa wakinywa nini? Tathmini hii inazipima sehemu tatu zilizo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kwa kipimo hicho kimoja. Anayetafuta habari za vita au mahali pa kupigia picha za harusi, nyota zetu hazimhusu.

Uamuzi wenyewe ni huu. Gede inapata nyota 5 kati ya 5, Jumba la Mtwana 4, na Fort Jesus, pamoja na umaarufu wake wote, 3. Lakini usiruke Fort Jesus ukakimbilia Gede. Ukiziona tatu kwa mpangilio unaofaa, kila moja inakufunza kuisoma inayofuata.

Kabla ya kukata tiketi yoyote, lielewe jiwe lililo chini ya miguu yako. Mwambao wetu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, jiwe lenye vitundu vingi. Mvua ikinyesha haikai juu. Hupenya ikashuka hadi ikutane na maji ya bahari yaliyojipenyeza kutoka ubavuni. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo huelea juu yake. Uwiano wao unajulikana: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, pana takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hiyo hugeuka balaa mtu akiteka kupita kiasi. Shusha uso wa maji matamu kwa nusu mita tu, na chumvi itapanda kutoka chini kwa karibu mita 20. Haifanyi hivyo siku hiyo hiyo, ila itapanda, na ikishapanda huchukua misimu mingi ya mvua kurudi ilikokuwa.

Ndiyo maana huku pwani kisima kirefu si lazima kiwe kisima bora. Mchimbaji hodari akiyafikia maji husimama, akatanua kisima badala ya kukizamisha. Karibu na ufuo tabaka la maji matamu huwa jembamba, na uso wake hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa. Kisima cha namna hiyo kikitekwa wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, ladha ya asubuhi na ya jioni hazifanani. Ukilishika hili, nusu ya mambo utakayoyaona magofuni yatajieleza yenyewe.

Tuanze mjini. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi kutoka Italia, juu ya mwinuko wa matumbawe unaotazama mlango wa bandari ya kale. Kwa mizinga, mahali hapo pana maana. Kwa maji, ni mahali pabaya: jiwe tupu, bahari imelizunguka upande mmoja, na hakuna chemchemi. Uani utaonyeshwa vitu viwili ambavyo wapitaji wengi huvitupia jicho mara moja na kuendelea. Kimoja ni kisima kirefu kilichokatwa kwenye jiwe, ambacho maji yake yana chumvi, ya kuoshea tu. Kingine ni birika kubwa la kuvunia maji ya mvua. Simama hapo kwa dakika 20, mizinga haikimbii.

Birika la mvua husomwa kwa hesabu. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ya dari ni lita 1 ya maji. Mombasa hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo dari la mita 50 za mraba linaweza kuleta lita 50,000, ukiondoa yanayofyonzwa na chokaa na yanayorukia nje ya mrizabu. Upande wa matumizi, chukua askari 100 wanaopewa lita 5 kila mmoja kwa siku, kunywa na kupikia tu. Siku 90 za kaskazi kavu, kabla ya masika kushika, zinahitaji lita 45,000, yaani mita za ujazo 45: birika la urefu wa mita 5, upana wa mita 3 na kina cha mita 3. Pima kwa macho hilo lililo mbele yako, kisha linganisha. Zoezi hili lina faida kuliko kukariri majina ya makapteni.

Ukishapiga hesabu hiyo, ule mzingiro maarufu, Waomani walipowazingira Wareno ndani ya ngome, unaonekana kwa sura nyingine. Ulianza tarehe 13 Machi 1696 na ngome ikaanguka tarehe 13 Desemba 1698. Ndani ya muda huo masika yalipita mara tatu, kwa hiyo birika lilijazwa na mbingu bila kumtegemea mtu. Waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi zaidi kuliko kiu. Hapo ndipo mwanaakiolojia huuliza jambo ambalo mwanahistoria wa vita huenda asiliulize: maji yaliyosimama, watu wamejazana, vyoo na birika vimo ndani ya kuta zilezile, nini kilikuwa kikiingia ndani ya nini? Birika la wazi hushika kinyesi cha ndege, majani na mabuu ya mbu. Kwenye nyumba za Waswahili, hasa Lamu, mabirika madogo ya kuogea yaliwekewa samaki wadogo wa kula mabuu, na mengine yakawekwa bakuli la kauri chini kabisa ili samaki wapate pa kujihifadhi maji yakipungua. Ni dawa rahisi, na inafanya kazi.

Kuna pia njia iliyokatwa ndani ya matumbawe kushuka upande wa bahari, ya kupitishia vitu kutoka majahazini. Ipite, uone jinsi ngome isiyojitosheleza kwa maji ilivyolazimika kubaki na mlango wa baharini.

Sehemu inayoiokoa Fort Jesus isipate nyota 2 kwa kipimo chetu ni jumba lake la makumbusho, hasa vitu vilivyotolewa kwenye jahazi la kivita Santo António de Tanná. Meli hiyo ilijengwa Bassein, India, ikaja kuwaokoa waliozingirwa, ikazama mbele ya ngome mwaka 1697. Ilichimbuliwa chini ya maji kati ya 1977 na 1980 kwa uongozi wa Robin Piercy, kwa ushirikiano wa makavazi yetu na taasisi ya akiolojia ya baharini kutoka Marekani. Ukiitazama mitungi na vyuma vilivyotoka humo, usiulize umri wake pekee. Uliza vilikaushwa vipi. Kitu kilichokaa baharini miaka 280 kimelowa chumvi hadi ndani. Kikianikwa juani, chumvi huganda kuwa fuwele, fuwele hutanuka, na rangi ya kauri hubanduka vipandevipande. Kwa hiyo chombo cha udongo huzamishwa kwenye maji matamu, maji hupimwa chumvi na kubadilishwa, tena na tena, wakati mwingine kwa miezi, mpaka kipimo kisipande tena. Mbao ni tabu zaidi: chembe zake zimeliwa na zimebaki zikishikiliwa na maji tu, zikikauka ghafla hunywea na kupinda. Hulowekwa kwenye nta inayoyeyuka majini, polietilini glikoli, ili ichukue nafasi ya maji polepole. Chuma hutiwa kwenye maji ya magadi makali na kupitishiwa umeme mdogo ili kloraidi, sehemu ya chumvi inayokula chuma, itoke. Hebu fikiria kuendesha kazi ya namna hiyo katika mji ambao maji yake ya bomba husafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima, kwa bomba lililozinduliwa 1957. Kila mtungi uliopo kwenye kabati la kioo umekunywa maji matamu kuliko wengi wetu.

Kasoro ya Fort Jesus kwa msomaji wa maji ni moja: mambo ya karne nne yamelundikana mahali pamoja. Mreno kajenga, Mwomani kabadilisha, na kuanzia 1895 hadi 1958 Mwingereza kapageuza gereza. Mfereji unaouona ukutani unaweza kuwa wa mzingiro au wa wafungwa. James Kirkman, aliyepachimba na kuwa msimamizi wa kwanza wa makumbusho, alikuwa na kazi ya kutenganisha hayo yote. Mgeni wa saa mbili hawezi. Kwa hiyo chukua darasa la hesabu za birika na darasa la chumvi, kisha panda gari.

Jumba la Mtwana liko kaskazini, upande wa Mtwapa, kwenye ufuo. Ni mji wa karne ya 14 na 15, uliokwisha kuhamwa kabla Mreno hajaonekana upeo wa macho, na faida yake kubwa iko hapo: hakuna aliyekuja baadaye kuuvuruga. Tarehe zake zinabana, kwa hiyo kila mfereji na birika unalolikuta ni la watu walewale. Nenda wakati maji yamekupwa. Utauona mwamba wenyewe ukiwa wazi, na utaelewa kazi ya aina mbili za jiwe: tumbawe gumu la nchi kavu, linalovunjwa vipande vya kujengea ukuta, na tumbawe laini linalokatwa baharini likiwa bichi, linalochongeka kwa shoka na kisha kuwa gumu likikauka. Hilo la pili ndilo utaliona kwenye kingo za mihirabu na pembe za milango, popote palipotakiwa mstari ulionyooka.

Kituo chako ni msikiti ulio kando ya bahari. Tafuta pa kutilia udhu kabla ya kutafuta mihirabu. Mpango wake ni wa misikiti mingi ya mawe ya mwambao, na ukiujua hapa utautambua kila mahali: kisima kiko kando, mtekaji husimama pale na ndoo yake, humimina kwenye mfereji mdogo, na mfereji huyapeleka maji kwenye birika lililopigwa chokaa. Anayetawadha hakaribii kisima. Kwa utaratibu huo ndoo moja na kamba moja ndizo pekee zinazogusa maji ya chini, na matope ya miguu ya waumini hayana njia ya kurudi kisimani. Chini, mbele ya birika, pamepachikwa mawe ya tumbawe ya duara yenye uso wa kukwaruza. Hayo ni ya kusugulia nyayo. Watu waliokuwa wakitembea peku juu ya udongo mwekundu hawakutaka kuingia na nyayo hizo kwenye mikeka.

Jambo hili lina shahidi wa maandishi. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipofika Mombasa mwaka 1331 aliikuta misikiti ya mbao iliyojengwa imara, na kwenye mlango wa kila msikiti kisima kimoja au viwili, vya kina cha dhiraa moja au mbili. Walikuwa wakiteka kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti chembamba cha urefu wa dhiraa moja, ardhi ya pembeni imesawazishwa, na anayeingia huosha miguu kwanza kisha huifuta kwa kitu kizito kilichowekwa mlangoni. Hicho chombo, kwa yeyote aliyekulia huku, ni kata. Dhiraa ni kama nusu mita, kwa hiyo anazungumzia vina vya kati ya nusu mita na mita 1. Kwenye kisiwa cha matumbawe kina hicho ni kidogo mno kwa kisima, na sisi tunaelekea kuamini kuwa baadhi ya alivyoviona vilikuwa mabirika ya kujazwa kwa mkono, mgeni akaviita visima kwa kuwa watu walikuwa wakichota humo. Jumba linakupa nafasi ya kulipima wazo hilo kwa macho: linganisha kina cha birika na urefu wa kata.

Ukiwa hapo, chungulia pembe za ndani za birika na rangi ya chokaa. Birika likivuja huanza pembeni, pale sakafu inapokutana na ukuta, kwa sababu kila kimoja hujitanua kivyake juani. Warumi walilitatua hilo kwa kujaza pembe hiyo kwa mviringo wa chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyosagwa, mchanganyiko usiopitisha maji. Tafuta kama pembe imekatwa wima au imejazwa. Tafuta pia tabaka zaidi ya moja la lipu: lipu juu ya lipu ni ushahidi kwamba birika lilikarabatiwa, na kila ukarabati una wakati wake. Makaa madogo yaliyonaswa ndani ya chokaa, masalia ya kuni za tanuri, yanaweza kupimwa umri kwa kaboni 14. Tahadhari yake inajulikana: mti mkubwa uliochomwa ukiwa na umri wa miaka 100 hutoa jibu la umri wa mti, si wa ukuta. Vijiti vyembamba ndivyo vya kuaminika.

Kwa nini watu walihama Jumba? Hutajwa kuvurugika kwa biashara, mashambulizi, na kukosekana kwa maji. La mwisho halishangazi ukisimama pale. Mji uko ukingoni mwa bahari kabisa, mahali ambapo tabaka la maji matamu ni jembamba. Nyota moja tumeipunguza kwa sababu magofu ni machache na mtu makini huyamaliza kwa saa moja na nusu.

Basi Gede. Iko kiasi cha kilomita 100 kutoka Mombasa ukielekea Malindi, ndani ya msitu, na mwaka 2024 iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Fort Jesus ilitangulia mwaka 2011. Mji ulistawi zaidi karne ya 15 na ukaachwa kabisa karne ya 17. Kirkman alianza kupachimba 1948. Cha ajabu cha kwanza, kwa mtu mwenye akili ya maji, ni mahali ulipo: mji mkubwa wa mawe, wenye kuta mbili na msikiti wa Ijumaa, umejitenga na bahari kwa kilomita kadhaa. Faida ya kukaa bara kidogo ni tabaka nene zaidi la maji matamu. Gharama yake ni kisima kirefu zaidi. Wakaazi walilipa gharama hiyo kwa visima vingi vilivyotapakaa mjini.

Usifuate njia ya kawaida ya kuanzia ikulu. Anzia Msikiti Mkuu, upande wa kisima na birika la udhu, ambapo mpango ule wa Jumba unajirudia ukiwa mkubwa zaidi. Kisha fuata maji yanakotoka baada ya kutumika, kwa kuwa Gede inazishinda nyingine hasa kwenye maji machafu. Ingia nyumba moja, yoyote iliyokamilika, utafute chumba cha nyuma kabisa. Hapo pana choo cha shimo, na kando yake jukwaa dogo la kuogea na kujisafishia lenye mahali pa kuwekea chombo cha maji. Nyumba baada ya nyumba hali ni hiyo, si kwa sultani pekee. Nenda uani: uwanja uko chini ya sakafu za vyumba, na maji ya mvua hukusanyika na kuzama kwenye shimo la kuyanyonya badala ya kuingia ndani. Hapa ndipo jiwe lenye vitundu linapokuwa rafiki, na ndipo pia linapokuwa adui, kwa kuwa jiwe linaloyanyonya maji ya uani na ya chooni ndilo hilohilo linalobeba maji ya kisima. Pima hatua kati ya choo na kisima cha karibu. Kuna mahali utaridhika na kuna mahali utakunja uso. Vyoo vya shimo na visima kwenye kisiwa cha Mombasa vina mgogoro uleule hadi leo, na mtaalamu wa afya ya jamii akija Gede atajihisi yuko kazini.

Nyumba mojawapo imepewa jina kwa ajili ya birika lake. Waliochimba walizipa nyumba majina kwa walichokikuta, na ndiyo maana kuna nyumba ya mkasi na nyumba ya simbi, yaani kauri za baharini. Mwombe kiongozi akupeleke huko kabla hujachoka.

Rudi sasa kwenye kisima kilicho karibu na Msikiti Mkuu, maana ndicho kitu cha thamani kuliko vyote Gede. Uchimbaji ulionyesha kuwa kiliongezwa kina. Watu walirudi chini, wakakata jiwe zaidi, wakayafuata maji yaliyokuwa yakiwakimbia. Kutokana na hilo, kushuka kwa maji ya chini huhesabiwa miongoni mwa sababu za mji kuachwa, pamoja na mashambulizi na msukosuko wa biashara baada ya Wareno kufika. Tunaikubali hoja hiyo, ila kwa tahadhari. Kisima kinaweza kuongezwa kina kwa sababu mvua zimepungua miaka mingi, au kwa sababu watu wameongezeka na wanateka mno, au kwa sababu chini pamejaa tope na hakuna aliyetaka kulizoa. Sababu hizo tatu huacha alama tofauti. Tope huacha tabaka laini lenye vigae vya ndoo zilizodondoka. Kuteka mno huonekana kwenye visima vya karibu na watu wengi kuliko vya pembezoni. Ukame wa kweli hugusa visima vyote pamoja. Ndiyo maana kisima kimoja hakitoshi kutoa hukumu juu ya mji mzima.

Linganisha na Mohenjo-daro, mji wa bonde la Indus ulioanza yapata miaka 4,500 iliyopita, unaokadiriwa kuwa na visima zaidi ya 700. Kule mkasa ulikwenda kinyume. Vifusi na matope vilipandisha mitaa mwaka hadi mwaka, wakaazi wakawa wanaongeza mdomo wa kisima juu, kwa matofali yaliyokatwa umbo la kabari ili duara lijibane lenyewe na lisiangukie ndani. Wanaakiolojia walipoondoa udongo, visima vilibaki vimesimama hewani mithili ya minara. Mohenjo-daro waliongeza mdomo, Gede wakaongeza kitako. Kilwa nako, kwenye jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14, utakuta bwawa la kuogea la pembe nane lililojengwa juu ya jabali, ambako kila tone lilipaswa kupandishwa. Huko ni kujionyesha tu.

Neno juu ya namna kisima kinavyochimbwa na wataalamu, kwa kuwa kiongozi mzuri atafurahi ukimuuliza. Kazi huanza kwa hewa. Kaboni dayoksaidi ni nzito, hutulia chini, na mtu anaweza kuzimia kabla hajahisi lolote; kipimo cha gesi hushushwa kwanza, na hakuna anayeshuka peke yake wala bila mkanda wa kumvutia juu. Kisha mawe ya mdomo yaliyolegea hufungwa. Kifusi hutolewa kwa matabaka ya sentimita 10 hadi 20, kila ndoo huandikwa namba na kuchekechwa. Juu hupatikana takataka za baada ya mji kufa, katikati mawe ya ukuta uliobomoka, na chini kabisa, kwenye tope la wakati wa matumizi, vitu vilivyodondoka kwa bahati mbaya: vigae vya mitungi, pengine kamba na mti, kwa kuwa penye maji bila hewa vijidudu vya kuozesha havistawi. Udongo huo hutiwa kwenye pipa la maji na kukorogwa. Mbegu zilizoungua huelea na kunaswa kwa chujio la nusu milimita. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni haraka ya kutumia pampu: ikinyonya kwa nguvu huvuruga matabaka, ikavuta mchanga nyuma ya mawe, na ukuta ukaporomoka. Kumbuka pia kuwa kigae cha kauri ya Kichina kilichopatikana chini hutoa tarehe ya matumizi, si ya uchimbaji wa kisima. Cha kutafuta ni kilichofukiwa nyuma ya ukuta wa kisima siku kilipojengwa.

Mambo ya kubeba ni machache: tochi yenye mwanga mkali, utepe wa kupimia, na kioo kidogo cha mkononi. Jua likiwa utosini, kioo kikielekezwa vizuri humulika kisima hadi chini kuliko tochi yoyote ya simu. Usitupe jiwe ili usikie kina, usiegemee mdomo wa kisima, na usiteke maji ya kupima chumvi bila ruhusa ya msimamizi. Kigae kilichoko njiani kiache palepale. Sheria ya makavazi na urithi ya 2006 haina mzaha. Gede kuna kima wanaojua kufungua mfuko, kwa hiyo chakula kisionekane. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na wakati wa masika tarajia mbu na mawe yanayoteleza.

Viongozi hutofautiana sana. Mjaribu kwa swali moja kabla hamjakubaliana: "Mzee, maji ya nyumba hii yalikuwa yakiingilia wapi na kutokea wapi?" Atakayekushika mkono akakuonyesha mfereji ni wako. Atakayeanza habari za mizimu, mshukuru utafute mwingine. Ada za kuingia zimegawanywa kati ya raia, wakazi, wageni na watoto, na hubadilika, kwa hiyo ziulizie kabla. Uwe na pesa kwenye simu na kitambulisho mkononi.

Kwa siku moja usijaribu zote tatu. Fort Jesus na Jumba zinaingia ndani ya siku: ngome saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali na makundi ya shule hayajafika, halafu matatu ya Mtwapa na tuktuk hadi Jumba, ukipanga saa kwa ratiba ya kupwa. Foleni ya kutoka kisiwani kupitia Nyali ndiyo itakayokuharibia, ondoka ngomeni si baada ya saa nne na nusu. Gede ipe siku yake. Panda matatu ya Malindi, mwambie kondakta akushushe njia panda ya Gede, na kutoka hapo unaweza kutembea hadi magofuni. Ukimaliza kabla ya saa nane mchana utapata gari la kurudi bila kusukumana.